Kosa Halikuwa la Baba Nsia

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui huko uliko salamu huchukua muda gani kufika, lakini nimeona aibu kukumwagia maneno kabla ya kukuamkia. Najua swali lako la kwanza lingekuwa kama ng'ombe wamekunywa maji. Wamekunywa, na majani yaliyomo bandani yanatosha hadi keshokutwa.

Nimekaa barazani, ni saa tisa mchana. Mlima haujaonekana tangu asubuhi. Naandika mistari michache, nanyanyua kichwa, natazama juu, narudi kuandika, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usinicheke. Ninaogopa, Baba. Mimi ni mwoga tangu zamani, wewe mwenyewe ulikuwa ukiwasimulia wageni jinsi nilivyomkimbia jogoo aliyekwisha kuchinjwa, nao wanacheka hadi pombe yao ya mbege inamwagika, nami najificha nyuma ya kanga ya mama. Woga wa leo si wa kuchekesha wageni.

Jambo lenyewe ni hili. Mfongo wa ukoo wetu, ule mfereji ambao babu zako waliuchimba kutoka mtoni kule karibu na msitu hadi kwenye vihamba vyetu vya migomba na kahawa, umefunguliwa tena Jumatatu hii baada ya miaka sita ya kukaa mkavu. Maji yanapita nyuma ya jiko sasa hivi. Na mtu aliyechaguliwa kupanda juu kila mvua kubwa ikianza, aufunge mdomo wake ili mto usiingie ndani na kutushukia, ni mimi Ndeshi. Usishtuke, nitafika huko. Kwanza kuna jambo nililokudanganya, ukafa ukiliamini, na sitaki mvua ya kwanza inikute sijalisema.

Unakumbuka Jumamosi za msaragambo, wanaume wote wakipanda kusafisha mfongo? Nilikuwa na miaka saba au minane. Wewe jembe begani, mimi nimebeba kiburu cha ndizi na maharage cha kula saa nne, kimefungwa kwenye jani la mgomba na bado kina moto. Tunapanda pamoja hadi kwenye ule mringaringa mkubwa wa kwenye kona ya njia, na hapo unanigeukia. "Wewe mwisho wako hapa." Naketi kwenye mzizi nawasikia mkicheka na kugongesha mawe huko juu kwenye mdomo wa mfongo, mahali ambapo sijawahi kupaona. Siku moja nikakuuliza kwa nini. Ukasema mwanamke akifika pale maji hukasirika, kiangazi yanakauka. Ulisema bila ukali, kama mtu anayeeleza kwamba masika huja baada ya kaskazi.

"Mama naye?" nikauliza.

"Hata mama."

"Hata mke wa mchungaji?"

Ulicheka hadi ukashika mti. "Huyo ndiye kabisa!"

Nilikua na ule mringaringa kichwani kama mpaka wa nchi. Eliya kaka yangu alivuka akiwa na miaka kumi, akarudi akijidai, akanielezea kila kitu: ile kinga ya mawe inayoyageuza maji ya mto, magogo ya migomba na udongo wa kuzibia, mahali pa kusimama usiteleze. Yeye akavuka, akasoma, akaenda Dar. Mimi nilibaki upande wangu wa mti, na kusema kweli sikuwahi kuona ubaya. Mwoga akipewa mpaka hushukuru.

Sasa siku yenyewe. Ulikuwa kitandani wiki ya tatu, baada ya kuteleza bondeni ukikata majani na kuvunjika nyonga. Mama alikuwa ameshatutoka, nyumbani tulikuwa mimi na wewe. Masika ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, ila mchana ule kwetu yalikuwa manyunyu tu. Nilikuwa jikoni namenya ndizi za mtori wako. Ukaniita kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Ndeshi, zima redio."

Nikazima. Ukanyoosha kidole kuelekea dirishani. "Unasikia?" Mimi nilisikia mto tu, kama siku zote. "Unaburuta mawe. Huko juu kumechafuka. Mtafute Baba Nsia, mwambie akafunge mfongo. Sasa hivi, mwanangu."

Baba Nsia, jirani yetu wa ng'ambo ya mfongo, rafiki yako tangu darasa la kwanza, mliyegawana naye kazi ya kuulinda ule mdomo kwa zaidi ya miaka thelathini. Wewe ukiwa kitandani, kazi yote ilikuwa yake. Nikampigia, simu haipatikani. Nikajitupia kanga kichwani, nikachukua panga kwa sababu njia ilikuwa imezibwa na migomba iliyoanguka, nikaenda kwake. Nilimkuta mkewe peke yake. Akaniambia mumewe amepeleka maziwa kituoni, atarudi muda si mrefu. "Mae! Umelowa hivyo! Kaa basi unywe chai."

Unajua mambo yetu, huwezi kufika kwa mtu ukakataa chai yake. Nikakaa. Nikanywa chai, Baba. Kikombe kizima, cha moto, na nikaongezewa. Tangu siku ile sijaacha kukipima kile kikombe kichwani, kilichukua dakika ngapi, na cha pili ngapi.

Nilipoona mumewe hatokei nikaaga, nikapanda mwenyewe. Nilijua cha kufanya, nilikuwa nimewasikia mkielezana maisha yangu yote. Unabomoa kinga ya mawe, unasukumiza magogo ya migomba na udongo mdomoni, maji yanarudi mtoni. Haitaki nguvu nyingi, inataka haraka. Nikafika kwenye mringaringa, nikasimama. Zilikuwa zimebaki hatua mia mbili hivi. Hapakuwa na mtu wa kuniona. Nikafikiri: nikipita hapa halafu kiangazi maji yakauke, watasema ni mimi. Nikafikiri utasema nini wewe. Nikafikiri labda Baba Nsia ameshapanda kwa njia ya mtoni. Mtu akiogopa hakosi sababu. Nikageuka nikashuka.

Nilikukuta umejiinua kwa kiwiko, jasho linakutoka. "Umempata?" Ulikuwa umeshaanza kuushusha ule mguu kitandani. Nikaona nikisema sijampata utasimama, na ukisimama utaanguka.

"Nimempata," nikasema. "Ameshapanda."

Ukalala chali, ukamshukuru Mungu kwa sauti. Huo ndio uongo wangu, Baba. Nimeuandika sasa, na bado natazama pembeni kana kwamba kuna mtu anasoma juu ya bega langu.

Haikupita nusu saa. Mto uliingia wote kwenye mfongo, ukafuata mfereji hadi ile kona iliyo juu ya nyumba ya jirani yetu Bibi Aikande, hapo ukashindwa kukata kona, ukabomoa ukingo na kuteremka moja kwa moja. Kwetu ulichukua migomba ya upande wa chini na banda la kuku. Kwa Bibi Aikande ulichukua nyumba, naye yumo ndani. Walimpata kesho yake chini tambarare, kwenye mashamba ya mahindi, na Sifaeli mwanawe alimtambua kwa kanga aliyomnunulia Krismasi. Wewe ulisikia vilio kupitia dirishani ukawa unaniuliza, "Ni kwa nani? Ni kwa nani?" Nilishindwa kulitaja jina lake.

Siku ya tatu, kabla Bibi Aikande hajazikwa, watu walikutana uwanja wa kanisa. Ulibebwa kwa kiti. Ukasema mbele ya wote kwamba ulimtuma binti yako, binti yako akamwambia Baba Nsia, na Baba Nsia hakufunga. Macho yote yakamwendea. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika mgongo wa kiti, nikisubiri aseme kweli, kwamba mimi na yeye hatukuonana siku ile. Akavua kofia.

"Kosa ni langu," akasema, akakaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kikweli. Mtu anayejitetea unamwelewa. Huyu anayekubali kosa asilolifanya, mbele ya watu wote, anataka nini? Nilijua anajua. Sikujua anangoja nini. Nikawa nikimwona njiani napita kwenye migomba ya watu, nikimkuta kanisani nakaa upande wa pili, na akinisalimia naitikia nikitazama viatu vyake.

Na lile la isale, Baba. Sijui kama huko unalikumbuka kama ninavyolikumbuka mimi. Baba Nsia alikuja jioni, jani la isale limefungwa fundo, amelishika kwa mikono miwili. Kwetu sisi mtu akikuletea isale umsamehe, hata kama amemuua ndugu yako, huwezi kulikataa. Wewe ulilikataa. Uliugeukia ukuta ukasema, "Mwambie aondoke nalo." Nikayapeleka mimi hayo maneno mlangoni, mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Alinitazama kidogo. "Haya, mwanangu. Mwangalie vizuri baba yako." Akarudi kwake na isale mkononi, na watu njiani wakaliona. Siku tuliyokuzika alisimama nje ya ua muda wote, hakuingia.

Tangu uondoke mto umetujia mara mbili tena. Tuliuziba mfongo kwa mawe na saruji tukadhani yamekwisha, lakini mto ulikuwa umeshaifahamu njia. Pale uliposhuka siku ile pamebaki korongo, na kila masika ikizidi maji yanapasua ukingo juu yetu na kulifuata. Mara ya pili lilimeza kahawa yote ya upande wa mashariki, ile uliyorithi. Mara ya tatu lilifika hatua chache kutoka kaburini kwako, nikakaa siku nzima kwenye mvua nikilitazama kana kwamba macho yangu yangelizuia. Matope yalifuta mipaka, masale yote yaliyokuwa yanatenganisha vihamba yakaenda, na majirani waliozikiana wazazi wao wakaanza kutishiana kwa mapanga juu ya upana wa nyayo mbili.

Hata hivyo watu hawakukaa. Ningependa uone, maana ulikuwa ukisema kizazi hiki kinajua kubonyeza simu tu. Kila Jumamosi msaragambo, wanawake kwa wanaume. Tumejaza mawe kwenye vikapu vya waya na kuvipanga kando ya korongo hadi mikono ikawa haifungi. Tumepanda matete na mianzi. Ndugu zetu wa Masama walituletea machipukizi ya migomba ya mshare, lori zima, kila chipukizi limefungiwa jina la nyumba lilikotoka, na mpaka leo mtu akikata mkungu anakwambia huu ni wa kwa fulani. Masale yamepandwa upya, wazee wakiwa wamekaa siku tatu wakikumbushana mpaka ulipita wapi. Kahawa mpya inaanza kuzaa mwaka huu. Na tuna mpango wa simu: mwalimu wa shule ya juu, karibu na msitu, mvua ikifunguka huko anatupigia sisi wa chini.

Kilichokuwa kimebaki ni maji ya kiangazi. Bila mfongo migomba ya Masama ilikuwa inanyauka mbele ya macho yetu, na familia tatu zilishahamia tambarare. Wengine walikuwa wanafunga mizigo polepole bila kusema. Basi wataalamu wakaja, tukajenga nao mdomo mpya, wa zege, una geti la chuma la kuzungusha kwa mkono. Kazi nzuri. Lakini geti halijui mvua, linataka mtu. Wanaume wa ukoo wetu wako Dar na Arusha. Nyumba iliyo karibu na njia ya juu ni hii yetu. Na kwenye kikao cha mwezi uliopita, aliyesimama na kulitaja jina langu ni Baba Nsia.

Hakuna aliyesema habari ya mwanamke, Baba. Nilingoja mmoja wa wazee aseme nipumzike. Walitazamana, wakatazama chini, mmoja akakohoa, basi. Mwenyekiti akanipa wiki mbili nitoe jibu, na kusema nikikataa mfongo hautafunguliwa. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango. Niliona ndiyo hii sasa, miaka yote alikuwa anangoja hii: anipandishe juu, nishindwe tena, na safari hii kila mtu aone.

Nilikaa na hofu hiyo siku kumi. Siku ya kumi na moja nikakata isale, nikalifunga fundo, nikaenda kwake saa nne asubuhi. Alikuwa amekaa nje anachambua maharage, magoti yake yamevimba kama vibuyu.

"Shikamoo, Baba Nsia."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. Nilimpa isale nikiwa nimesimama, nikamwambia yote kwa pumzi moja, chai, mringaringa, uongo. Alilipokea kwa mikono miwili akaliweka mapajani juu ya maharage. Nikaanza kutafuta njia ya kutokea.

"Siku ile nilikuona," akasema.

Alikuwa anarudi kutoka kituo cha maziwa, mwavuli mbele ya uso. Akaniona nashuka kutoka mringaringa, panga mkononi, matope hadi magotini. Alipofika nyumbani mkewe akamwambia nilikuja kumtafuta kwa habari ya mfongo. "Nikamwambia, ameshafunga mwenyewe, nimemwona. Nikavua viatu, nikakaa karibu na moto."

Alidhani nimefunga, Baba. Mimi nikidhani labda amefunga yeye, naye akidhani nimefunga mimi, na mto ukatukuta wote wawili tumeketi.

"Kwa nini hukusema pale uwanjani?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Aikande hajazikwa, watu wanatafuta mtu wa kumshika. Nikisema nilimwona Ndeshi kule juu, wangesema mwanamke amefika kwenye mdomo wa mfongo, ndiyo maana mto umekasirika. Wangekuchoma, aisee. Halafu ilikuwa zamu yangu. Nilitakiwa nipande nikaone kwa macho. Mtu huwezi kuvua viatu kwa kazi uliyofanyiwa na mtoto wa mwenzako."

Nikalia. Yeye hakulia, alirudi kwenye maharage yake. Nikamuuliza kwa nini basi amenitaja mimi. Akasema kwa sababu magoti yake yamekwisha, na kwa sababu mimi peke yangu hapa kijijini ndiye aliyewahi kusimama pale akijua kinachokuja. Hakulisema kama sifa. Nikamwambia nitasema mbele ya watu wote Jumamosi. Akaitikia kwa kichwa.

"Hao sawa. Lakini mwambie baba yako."

"Baba ameshakufa."

"Mwambie hivyo hivyo. Mimi alikataa kunisikia. Wewe hajawahi kukukatalia kitu."

Ndiyo maana nakuandikia. Nitaisoma hii kaburini kwako Jumapili, kwa sauti, naye atakuwepo, ndani ya ua. Na wengine wataisikia, sitaki kunong'ona tena.

Jumamosi nilisema. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatoka ovyo, nilianzia katikati ikabidi nirudi nyuma. Nilipofika kwa Bibi Aikande, Sifaeli alisimama akatoka nje. Tukasikia viatu vyake kwenye kokoto. Unamjua Sifaeli, hana maneno mengi. Nyumba yake mpya ameijenga kiwanja kile kile cha mama yake, chini ya kona ile ile, kwa sababu ndicho kihamba chake na hana kingine. Ana mke na mabinti wawili wadogo. Maji yakinishinda mimi, wa kwanza kuyapokea ni hao.

Alirudi baada ya muda, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Mimi sijamsamehe," akasema. "Huenda nisimsamehe. Lakini mpeni yeye. Ninyi wengine mkiona wingu mnasema litapita. Huyu hatasema hivyo tena maisha yake yote."

Akanitazama. Nami nikasema ndiyo, nitapanda. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu tulifungua. Niliupita mringaringa katikati ya watu, nikitazama mgongo wa mwenyekiti ili nisitazame mti. Huko juu, Baba, ni mahali padogo tu. Nilikuwa nimepajenga kichwani pakawa pakubwa, kumbe ni mawe, maji, na ukungu unaoshuka kutoka msituni. Nilizungusha geti mara tano wakinitazama. Mara nne lilifunga vizuri. Mara moja lilikwama kwa tawi, nikahangaika nalo hadi kiganja kikachubuka. Wataalamu walisema hiyo ni kawaida. Mimi usingizi wangu wote umeishia kwenye ile mara moja.

Siku hizi nikisikia bati likilia kwa upepo nasimama. Nimefua nguo zimekaa kwenye beseni siku mbili kwa sababu naogopa kwenda kuzianika upande ambao sioni mlima. Jana nilipanda mara tatu bila mvua kuwepo, kuangalia tu, na mara ya tatu nilimkuta binti mkubwa wa Sifaeli anachota maji kwenye mfongo, akaniamkia kwa adabu. Shikamoo yake ilinichoma. Hajui mimi ni nani kwao, au anajua na amefundishwa kuniamkia hivyo hivyo. Nilimwambia asikae sana pembeni ya maji.

Nataka ujue kwamba sikulaumu kwa mpaka ule wa kwenye mti. Ulipewa na baba yako. Lakini ninakulaumu kwa isale, Baba, na naona vibaya kukulaumu kwa uchungu niliokupikia mimi mwenyewe. Ulikufa umemkosa rafiki yako kwa sababu yangu, na yeye amekaa peke yake jioni zote hizi, ng'ambo ya mfongo, akiangalia baraza letu. Nimekukumbuka sana. Nimekumbuka kuitwa kwa sauti kutoka chumba cha ndani, hata kwa hasira.

Nilitaka niendelee nikueleze habari za Eliya na watoto wake, lakini simu imelia hapa katikati. Ni mwalimu wa juu. "Dada Ndeshi, huku hatuonani kwa mvua, kijito cha shuleni kimeshapita juu ya daraja." Kwetu bado ni pakavu kabisa, jua limetoka kidogo, na kwa Sifaeli naona moshi wa jikoni, watoto wamesharudi kutoka shule. Nimempigia Sifaeli, nimemwambia awatoe. Nimesimama naandika hii nikiwa nimeshavaa mabuti. Naogopa geti litakwama. Naogopa nimekaa na barua hii muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Kosa halikuwa la Baba Nsia, Baba. Hilo ndilo nililotumwa nikuambie, mengine tutaongea Jumapili.

Ukimwona Bibi Aikande, mwambie ninakimbia.

Binti yako,
Ndeshi